Mjane Clicquot: mama aliyekataa kufunga kazi ya bwana yake

Kila mwisho wa juma, siku ya posho na siku ya Mungu, makundi ya watalii yanateremka chini ya ardhi katika mji wa Reims, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa. Wengi wanatoka Paris kwa gari-moshi, safari ya dakika 45 hivi. Kiongozi anawapokea, anawashauri wavae koti hata kama juu jua linawaka, juu kule chini baridi haibadilike: ni digrii 10 mpaka 12 mwaka mzima. Wanapita katikati ya machupa yaliyolazwa kwenye giza, wanasikiliza maelezo, kiisha wanapewa glasi ili waonje. Kesho yake wanapandishwa kwenye vilima, wanaonyeshwa mashamba ya mizabibu ya Verzy na ya Bouzy, wanafika Épernay, wanaonja tena, wanarudi kwao.

Ile ni nchi ya shampanye. Kinywaji kingine chochote chenye povu kinaweza kuwa kizuri, lakini kwa sheria ya Ulaya jina la shampanye ni la divai inayotoka kwenye jimbo lile peke yake. Tangu mwaka 2015, vilima vyake, majumba yake na mahandaki yake ya divai viko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Katika matembezi yale, kuna jina linalorudi mara nyingi kwenye midomo ya viongozi: Veuve Clicquot. Hata hapa Goma, mtu anayepanga meza ya ndoa katika sale ya sherehe anaijua chupa ile ya etiketi ya manjano. Lakini wengi wanafikiri ni jina tu la kinywaji. Veuve kwa Kifaransa ni mjane. Alikuwa mtu kweli, mama aliyefiwa na bwana akiwa na miaka 27, akabaki na mtoto mmoja wa kike na kazi yenye mashaka. Maisha yake yanawagusa wakaaji wa Kivu kuliko vile mtu anaweza kufikiri.

Binti wa mfanyabiashara

Alizaliwa Reims tarehe 16 mwezi wa 12 mwaka 1777, akaitwa Barbe-Nicole Ponsardin. Baba yake, Nicolas Ponsardin, alikuwa na kiwanda cha nguo za sufu na alikuwa mmoja wa matajiri wa mji. Hatuzungumzie hapa mtoto wa maskini. Alikula vizuri, alivaa vizuri, alisomeshwa vile walivyosomesha mabinti wa matajiri wa wakati ule.

Akiwa na miaka 11, mapinduzi ya 1789 yakaanza. Watu wakubwa walitafutwa, makanisa yakafungwa, na wengi walikatwa kichwa. Baba yake alijua kugeuka na upepo. Aliyekuwa rafiki wa mfalme akawa mtu wa mapinduzi, kiisha akawa mtu wa Napoleon, na mwishoni akafanywa meya wa Reims na kupewa cheo cha baron. Familia ikapona na mali yake ikabaki.

Mwaka 1798, Barbe-Nicole aliolewa na François Clicquot, mtoto wa jirani. Familia ya Clicquot nayo ilikuwa ya kazi ya nguo. Baba mkwe, Philippe Clicquot, alikuwa ameanzisha pia biashara ndogo ya divai tangu mwaka 1772. Inasimuliwa kwamba Misa ya ndoa ilisomwa kwa siri ndani ya handaki la divai, juu makanisa yalikuwa bado hayajafunguliwa. Mwaka uliofuata walipata mtoto, Clémentine. Hawakupata mwingine.

François alipenda divai kuliko nguo. Alitembea Ujerumani na nchi zingine akitafuta wateja. Kule alikutana na Louis Bohne, Mjerumani mwenye kujua lugha na mwenye mdomo wa biashara, akamuandika kazi. Lakini wakati haukuwa mzuri. Ulaya yote ilikuwa kwenye vita, bandari zilifungwa, na hali ya hewa iliharibu mavuno. Mwezi wa 10 mwaka 1805, François alishikwa na homa kali akafa.

Baba mkwe na mjane

Philippe Clicquot alikuwa mzee, na mtoto wake mmoja tu amekufa. Alitaka kufunga ile kazi ya divai, kulipa wadeni na kumaliza maneno. Ni vile watu wengi wangefanya.

Mjane alimwendea na kumuomba asifunge. Aliweka mezani sehemu ya urithi wake mwenyewe, akaomba aendeshe kazi.

Hapa ndipo mambo yangeweza kwenda njia nyingine. Mzee angeweza kumwambia arudi kwa baba yake na mtoto wake, au kumtafutia bwana mwingine. Hakufanya vile. Alikubali, lakini aliweka sharti: mkwe wake ajifunze kazi miaka minne pamoja na Alexandre Fourneaux, fundi na mfanyabiashara wa divai. Philippe naye akaweka tena pesa yake ndani.

Sheria ya wakati ule inasaidia kuelewa uzito wa jambo hili. Mwaka 1804, Napoleon alitoa kitabu cha sheria za raia. Kwa kitabu kile, mwanamke aliyeolewa alikuwa chini ya bwana yake. Hakuweza kutia sahihi kontra, kuuza mali wala kwenda mahakamani bila ruhusa ya bwana. Binti mdogo alikuwa chini ya baba. Mjane yeye alikuwa huru kutia sahihi kwa jina lake. Ilikuwa mlango mdogo, na kifo ndicho kiliufungua.

Barbe-Nicole aliingia mu mlango ule na hakutoka tena. Hakuolewa mara ya pili mpaka kufa. Kama angeolewa, kalamu ingerudi mkononi mwa mwanaume. Na jina aliloliandika kwenye kazi yake linasema wazi alikuwa nani: Mjane Clicquot.

Mipaka ilipofungwa

Ile miaka minne ya kwanza haikuwa ya faida. Uingereza ilifunga bahari, Napoleon naye akafunga bandari za Ulaya kwa bidhaa za Uingereza, na mfanyabiashara wa kawaida akabanwa katikati. Shehena kubwa ya divai ya mjane ilikwama Amsterdam, ikakaa kwenye joto mpaka ikaharibika. Mwaka 1810, Fourneaux aliondoka. Wengi wangeona ile ni alama ya kuacha. Yeye akabaki peke yake, akaita nyumba yake Veuve Clicquot-Ponsardin, jina la bwana na jina la baba pamoja.

Mama anayeuza nyanya ao samaki kupitia Petite Barrière anaelewa hali ile bila kufundishwa. Wakubwa wanagombana, kizuizi kinafungwa, na mali inaoza mkononi mwa mtu asiyehusika na ugomvi. Tofauti ni kwamba mjane Clicquot alikuwa na akiba ya kungojea, na wengi hapa hawana.

Mwaka 1811 mavuno yalikuwa mazuri sana. Mwaka ule nyota yenye mkia ilionekana mbinguni miezi mingi, na wakulima waliamini ndiyo iliyoleta baraka. Lakini divai nzuri bila soko ni mzigo tu. Urusi, mahali Louis Bohne alikuwa ametafuta wateja kwa miaka, ilikuwa imekataza divai ya Ufaransa ya chupa. Kiisha Napoleon alishindwa vitani, na mwanzoni mwa 1814 majeshi ya kigeni, kati yao Warusi, yakaingia Reims. Askari walikunywa divai ya watu. Inasimuliwa kwamba mjane aliona hasara ile kama mbegu: leo wanakunywa bure, kesho watarudi kununua.

Vita vilipoishia, wafanyabiashara wengine walingojea Urusi ifungue mpaka ndipo wapakie mizigo. Mjane na Bohne hawakungojea. Kwa siri walikodi meli, wakapakia chupa zaidi ya 10,000, na Bohne akaondoka nazo mpaka bandari ya Königsberg, mji ambao leo unaitwa Kaliningrad. Ilikuwa karata ya hatari. Kama meli ingekamatwa ao kuzama, ama chupa zingepasuka kwa joto la njiani, nyumba ingekufa.

Ilifika salama. Watu waligombania chupa zile kwa bei kubwa. Urusi ilipofungua rasmi, shehena ya pili ilikuwa tayari njiani kwenda Saint-Petersburg, wakati washindani wake walikuwa bado wanafunga makasha. Tangu siku zile jina la Clicquot likawa ndilo jina la shampanye kwenye meza za wakubwa wa Urusi.

Meza iliyotobolewa matundu

Kuuza kulileta shida nyingine: namna ya kutengeneza divai nyingi, safi, kwa haraka.

Povu la shampanye halitiwe kwa mashini. Divai inawekwa ndani ya chupa pamoja na sukari kidogo na chachu, chupa inafungwa, na chachu inafanya kazi ndani kwa ndani. Upepo unaozaliwa unakosa pa kutokea, unabaki ndani ya divai. Nguvu yake inaweza kupita mara mbili ile ya upepo wa tairi ya gari. Wakati ule vioo vilikuwa dhaifu, na chupa nyingi zilipasuka ndani ya mahandaki. Wafanyakazi waliumia.

Lakini chachu ikimaliza kazi inakufa na kuacha takataka. Mtu aliyeona kasiksi kabla haijachujwa anaelewa ule uchafu unavyofanana. Kasiksi unaweza kuichuja. Shampanye ukiimimina ili uchuje, povu linakimbia. Mafundi walikuwa wanahamisha divai kutoka chupa moja mpaka nyingine, taratibu, na kila mara walipoteza divai, povu na muda.

Mwaka 1816 hivi, mjane na fundi wake Antoine Müller walipata njia. Walichukua meza, wakaitoboa matundu, wakaingiza chupa kichwa chini. Kila siku mfanyakazi alipita, akageuza kila chupa kidogo, akaitikisa kidogo. Baada ya majuma kadhaa uchafu wote uliteremka na kukusanyika kwenye shingo, karibu na kizibo. Ukifungua kwa ujuzi, upepo unatupa uchafu inje, divai inabaki safi kama maji ya chemchemi. Unaongeza kidogo ile iliyopungua, unafunga, unauza.

Ilikuwa jambo dogo, meza na matundu. Lakini liligeuza kazi nzima. Njia ile ilichungwa kwa siri kwa muda, kiisha majirani wakaijua. Kufika leo viongozi wa watalii wanaonyesha wageni mbao zenye matundu na namna ya kugeuza chupa kwa mikono miwili, ijapokuwa sehemu kubwa ya kazi ile sasa inafanywa na mashini.

Mwaka 1818 aliongeza jambo lingine. Shampanye ya rangi ya waridi ilikuwa ikipakwa rangi kwa maji ya matunda. Yeye alichanganya divai nyekundu ya shamba lake la Bouzy na divai nyeupe. Njia ile nayo inatumika mpaka sasa.

Makosa ya pesa

Asionekane kama mtu asiyekosea. Alipofanikiwa, alitaka kila kitu. Pamoja na Georg Kessler, mfanyakazi aliyemuamini, aliingia mu kazi ya benki na ya nguo. Zilimletea hasara. Kessler aliondoka mwaka 1826, akaanzisha nyumba yake ya divai ya povu katika mji wa Esslingen, Ujerumani, ambayo ipo hadi leo.

Mwaka 1828, benki iliyochunga pesa yake ilianguka, na watu walikimbilia kudai makuta yao. Mjane alikuwa karibu kupoteza kila kitu. Aliyemuokoa ni Mjerumani mwingine, Eduard Werler, ambaye Wafaransa walimuita Édouard Werle. Huyu alikuwa ameingia chini kabisa kama karani kijana, akapanda. Alitoa pesa yake mwenyewe na kukimbia kutafuta mkopo mpaka nyumba ikasimama tena. Mwaka 1831 mjane alimfanya mshiriki. Aliacha benki, akarudi kwenye divai peke yake.

Uzee wa Boursault

Mwaka 1841 alipumzika, akamuachia Werle uendeshaji. Miaka ile ya 1840 alijenga jumba kubwa Boursault, kwenye kilima juu ya bonde la mto Marne. Aliishi kule na familia yake mpaka kifo chake, tarehe 29 mwezi wa 7 mwaka 1866, akiwa na miaka 88. Alizikwa Reims.

Etiketi ya manjano inayojulikana leo iliandikishwa mwaka 1877, miaka 11 nyuma ya kifo chake. Hata mahandaki makubwa ambayo watalii wanateremkia, machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa, nyumba yake iliyanunua mwaka 1909. Wakati wa vita vya 1914 mpaka 1918, Reims ilipigwa mabomu karibu kila siku, kanisa kuu likaungua, na wakaaji walijificha ndani ya mahandaki ya divai ya mji. Hata shule zilifunguliwa mule chini. Wageni wanaoonja divai leo wanasimama mahali watoto walisomea chini ya mabomu. Wakaaji wa Goma hawahitaji maelezo mengi juu ya ile.

Mwaka 2010, wazamiaji walikuta meli iliyozama kwenye bahari ya Baltiki, karibu na visiwa vya Åland, upande wa Finland. Ndani kulikuwa na chupa za shampanye, zingine za nyumba ya mjane, zilizokaa chini ya maji zaidi ya miaka 150. Mwaka uliofuata, moja ya zile za Clicquot iliuzwa kwa euro 30,000.

Alichokiacha na alichokosa kuacha

Watalii wanamsikia kama shujaa wa wanawake. Ukweli uko katikati. Hakufundisha binti yake kazi. Clémentine aliozwa mwaka 1817 kwa Louis de Chevigné, mtu wa cheo aliyependa kutumia pesa. Nyumba ya divai haikubaki kwa mabinti wa familia, ilikwenda kwa Werle. Mlango aliopitia mjane aliuacha vile alivyoukuta: mdogo. Mtoto wa mjukuu wake, Anne, duchesse d'Uzès, ndiye alionyesha roho ya bibi mkubwa kwa njia nyingine. Mwaka 1898 alipata ruhusa ya kuendesha gari, wa kwanza kati ya wanawake wa Ufaransa.

Lakini wengine waliuona ule mlango. Louise Pommery, naye wa Reims, alifiwa mwaka 1858. Akashika kazi, akachimbua mahandaki yenye ngazi 116, na akawakaribisha wageni wateremke kuyaona. Matembezi ya mwisho wa juma ya leo yanatoka mbali, na wajane ndio waliyapa nguvu.

Kitabu kile cha sheria cha Napoleon hakikubaki Ufaransa. Kilitumika Ubelgiji, na Wabeligiji walileta mawazo yake Kongo. Sheria ya familia ya Kongo ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya bwana yake mbele ya kufanya kitendo chochote cha kisheria kinachomfunga. Ilibidi kungojea sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 ili ile ruhusa iondolewe, na mahali pake yaje makubaliano ya wote wawili.

Kwa mjane wa Kongo, sheria inampa haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na bwana yake. Kwenye karatasi ni vile. Katika mitaa ya Goma, na kule Masisi, Rutshuru na Beni, mambo mara nyingi yanakwenda tofauti. Maiti haijazikwa vizuri, ndugu za marehemu wameshika funguo. Duka linafungwa, shamba linagawanywa, chukudu ama pikipiki iliyolisha watoto inauzwa. Mama aliyejua wateja wote kwa majina anaambiwa yeye si wa ukoo.

Philippe Clicquot naye alikuwa na nafasi ya kufanya vile mwaka 1805. Alikuwa amefiwa, alikuwa na uchungu, na kufunga ilikuwa rahisi. Alichagua kumuachia mkwe wake kazi, akampa mwalimu na pesa. Miaka zaidi ya 200 imepita, na jina la familia yake bado linaandikwa kwenye chupa, linalipa mishahara ya vizazi vya wakulima na mafundi, linaleta wageni kila juma. Kama angefunga, hakuna mtu angejua kwamba kulikuwa na mtu anaitwa Clicquot.